Picha za serikali kuhusu wakimbizi: acheni kuzimeza bila kuuliza!

Wakuu, imetosha sasa. Kila mjadala wa wakimbizi ukianza, mtu anabandika picha iliyotolewa na serikali fulani na kusema "ushahidi huo hapo". Ushahidi wa nini, kama hujui ilipigwa lini na maelezo yake yameenda wapi?

Mnaobisha, someni sakata la Australia la 2001. Tarehe 7 Oktoba, uchaguzi ukiwa umeshatangazwa, waziri wa uhamiaji Philip Ruddock alidai abiria wa mashua ya wakimbizi iliyopewa jina la SIEV 4 wamewatupa watoto wao baharini. Tarehe 10 waziri wa ulinzi Peter Reith akatoa picha mbili kuthibitisha. Ukiziangalia unaona mabaharia wa manowari HMAS Adelaide wakiwa majini na watu waliovaa jaketi okozi, watoto wakiwemo. Basi. Kumbe zilipigwa tarehe 8, mashua ilipokuwa inazama, na watu wote 223 wakaokolewa! Jeshini zilitoka na maelezo na tarehe. Kwa waandishi zikafika bila maelezo hayo. Hakukuwa na haja ya kuchora wala kuunganisha chochote. Kuondoa maandishi tu kulitosha kuwafanya watu waliokuwa wakiokolewa waonekane wazazi wauaji.

Linaloudhi zaidi, ofisi ya waziri wa ulinzi iliambiwa muda mfupi baadaye kwamba picha si za tukio lile la watoto kutupwa. Kimya. Watu wakapiga kura tarehe 10 Novemba hawajasahihishiwa. Uchunguzi wa Seneti wa 2002 ulibaini hakuna mtoto aliyetupwa. Humo humo afisa wa mawasiliano wa Wizara ya Ulinzi alieleza mwongozo uliotoka ofisi hiyo ya waziri wa ulinzi: zisipigwe picha zinazowaonyesha wakimbizi kama binadamu wenye utu wao. Hilo si bahati mbaya ya kamera, ni sera!

Wahariri na admini wa kurasa, picha ya wizara ikija, dai faili la kwanza la kamera, si lililopitia WhatsApp, maana huko taarifa za tarehe na saa hufutika. Omba picha iliyotangulia na iliyofuata. Omba maelezo aliyoandika mpiga picha mwenyewe, uyalinganishe na maneno ya msemaji. Wakigoma, andika chini ya picha kwamba wamegoma, au usiitoe kabisa.