Kukadiria miaka ya kuishi bila ulemavu: kwa nini hesabu zangu mbili hazipatani?

Mchambuzi Mpya ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa ripoti kuhusu afya ya wazee na nimekwama mahali ambapo sikutegemea kukwama. Jedwali la uhai nililo nalo, yaani jedwali linalokadiria kutokana na vifo vya kila umri watu wataishi miaka mingapi, linaonyesha kwamba mtu aliyefikisha miaka 65 anatarajiwa kuishi miaka mingine 18. Nina pia matokeo ya utafiti wa kaya uliotumia maswali sita ya Kundi la Washington, kundi la kimataifa linaloandaa maswali ya kupima ulemavu, yaani maswali kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na humo asilimia 31 ya wahojiwa wenye miaka 65 na zaidi wamehesabiwa kuwa na ulemavu. Nilizidisha 18 kwa asilimia 69 iliyobaki, nikapata miaka 12.4 bila ulemavu. Mwenzangu ametumia takwimu zilezile, ila amegawa umri katika makundi matatu, naye amepata 11.7.

Tofauti hiyo inazidi kidogo miezi minane. Ripoti itasomwa na watu wanaopanga huduma za wazee na umri wa kustaafu, kwa hiyo sitaki kuwapa namba nisiyoweza kuitetea. Jambo la pili linanisumbua zaidi: utafiti uliofanyika miaka kumi iliyopita, kwa umri huohuo, unatoa miaka 15 bila ulemavu. Je, niandike kwamba afya ya wazee imezorota?

Mtu wa Majedwali amejibu:

Ndugu, mwenzako ndiye aliye sahihi. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu kosa ulilofanya ni la kawaida na matokeo yake huonekana ya kuaminika kabisa.

Njia aliyoitumia mwenzako ni ile ya Daniel Sullivan wa Marekani, aliyeieleza mwaka 1971, na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi kwa kuwa inahitaji vitu viwili tu: jedwali la uhai na asilimia ya wenye ulemavu katika kila kundi la umri. Sina jedwali lako, kwa hiyo natumia namba za mfano zinazolingana na majibu yenu. Chukua watoto 100,000 wa kufikirika wanaoanzisha jedwali, na useme 80,000 kati yao wanafikisha miaka 65. Kwa pamoja, watu hao wataishi miaka 720,000 kati ya umri wa 65 na 74, miaka 480,000 kati ya 75 na 84, na miaka 240,000 kuanzia 85. Jumla ni 1,440,000, na ukiigawa kwa 80,000 unapata 18 yako.

Sasa tuseme ulemavu ni asilimia 20 katika kundi la kwanza, 40 katika la pili na 70 katika la tatu. Miaka isiyo na ulemavu inakuwa 576,000, 288,000 na 72,000. Jumla yake ni 936,000, na ukigawa kwa wale wale 80,000 unapata 11.7.

Asilimia 31 yako imetoka wapi basi? Imetoka kwa wazee walio hai leo, na katika jamii ambayo idadi ya watu imekuwa ikiongezeka, wazee walio hai leo ni wachanga kuliko wazee wa jedwali. Ikiwa kati ya wahojiwa wako asilimia 60 wako katika kundi la kwanza, 30 katika la pili na 10 katika la tatu, wastani wa ulemavu unatoka 31 kamili. Katika jedwali la uhai, hata hivyo, kundi la kwanza linabeba nusu tu ya miaka yote na la mwisho linabeba moja ya sita, hivyo wastani wake ni asilimia 35. Ulizidisha miaka ya jedwali kwa ulemavu wa watu wenye muundo mwingine wa umri, na hiyo ndiyo asili ya miezi yako minane. Siku muundo wa umri wa wahojiwa utakapobadilika, hesabu yako itapanda au kushuka hata kama afya ya kila kundi imebaki vilevile. Ya mwenzako haitatikisika.

Kuna tahadhari moja. Namba ya 11.7 haimtabirii mtu yeyote maisha yake. Inaeleza kundi la kufikirika ambalo lingepitia vifo vya leo na ulemavu wa leo katika kila umri. Zaidi ya hayo, ulemavu tunaouona leo kwa mzee wa miaka 80 huenda ulianza miaka ishirini iliyopita, kwa hiyo njia ya Sullivan huchelewa kuonyesha mabadiliko ya ghafla. Mwenye data zinazowafuatilia watu walewale kwa miaka mingi anaweza kukadiria kasi ya kuingia katika ulemavu, kasi ya kupona na kasi ya kufa, kisha akajenga jedwali lenye hali kadhaa, ambamo mtu anaweza kuhama kati ya kuwa bila ulemavu, kuwa na ulemavu na kufa. Kwa utafiti wa mara moja kama wako, Sullivan inatosha.

Sampuli Ndogo amejibu:

Naongeza jambo moja ambalo ripoti nyingi huliacha. Usichapishe 11.7 bila upana wake wa makosa. Tuseme wahojiwa wako katika makundi hayo matatu ni 400, 200 na 50. Ukipiga hesabu ya kawaida ya sampuli nasibu, kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi jibu lingeweza kuyumba kwa bahati ya sampuli tu, linakuwa karibu miaka 0.34, na upana wa makosa kwa uhakika wa asilimia 95 unaanzia 11.0 hadi 12.4. Utafiti wa kaya unaochagua vijiji au mitaa kwanza huwa na upana mkubwa zaidi ya huo. Angalia pia kwamba wahojiwa 50 wa miaka 85 na zaidi wanachangia kosa kubwa kuliko wahojiwa 400 wa kundi la kwanza. Kama mtapata fedha ya kuongeza sampuli, iongezeni huko.

Mwandishi wa Maswali amejibu:

Kuhusu swali la pili, ninakuomba usiandike sentensi hiyo kabla ya kutazama dodoso la zamani. Waliulizwaje?

Mchambuzi Mpya amejibu:

Nimelitafuta na kulisoma. Waliulizwa swali moja tu: "Je, wewe ni mlemavu?" Jibu lilikuwa ndiyo au hapana.

Mwandishi wa Maswali amejibu:

Basi umepata sababu, au walau sehemu yake kubwa. Mzee asiyeweza tena kupanda ngazi mara nyingi hajiiti mlemavu. Atakwambia ni uzee tu. Wengine huliogopa neno lenyewe kwa sababu ya aibu ambayo jamii imelipachika. Maswali ya Kundi la Washington, ambalo liliundwa chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, yaliliepuka neno hilo makusudi na kuuliza kama mtu anapata ugumu katika kufanya jambo fulani. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, au hawezi kabisa. Kwa kawaida anayehesabiwa ni yule mwenye ugumu mkubwa au asiyeweza kabisa katika angalau jambo moja kati ya yale sita.

Hata maswali mazuri mawili hayalingani yenyewe kwa yenyewe. Umoja wa Ulaya, katika kipimo chake cha miaka ya maisha yenye afya, huuliza kama tatizo la kiafya limembana mtu kwa angalau miezi sita katika shughuli ambazo watu huzifanya kwa kawaida, na huwahesabu waliobanwa sana pamoja na waliobanwa kiasi. Wewe ukihesabu "ugumu mkubwa" tu, utapata miaka mingi zaidi bila ulemavu, na hilo halimaanishi kwamba wazee wako wana afya kuliko wazee wa Ulaya. Umehamisha mstari wa kukatia, basi. Linganisha miaka miwili pale tu ambapo swali, majibu na mstari ni vilevile.

Fimbo Nyeupe amejibu:

Nimesoma mjadala huu kwa makini kwa sababu unanihusu. Sioni tangu utotoni. Katika njia ya Sullivan kila mwaka ni sifuri au moja, na miaka yangu yote inaingia kama sifuri. Silipingi hilo kama hesabu, maana anayepanga huduma anahitaji kujua ni miaka mingapi watu wataishi wakihitaji msaada. Ninaloliomba ni la lugha. Miaka 6.3 inayobaki ukitoa 11.7 kwenye 18 iandikwe "miaka ya kuishi na ulemavu". Nimeshaona ripoti zinazoiita "miaka iliyopotea", na mimi sijapoteza miaka yangu.

Tafadhali usiichanganye pia na kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha matarajio ya kuishi kwa afya njema, ambacho hupunguza sehemu ya kila mwaka kulingana na uzito uliopewa kila ugonjwa au jeraha. Kwa kipimo hicho dunia ilikuwa na miaka 61.9 mwaka 2021, huku matarajio ya kuishi yakiwa 71.4. Ukiweka namba hizo kando ya yako katika jedwali moja, msomaji ataamini zinapima kitu kimoja.

La mwisho ni hili. Swali la kuona linasema "hata ukivaa miwani", na la kusikia linataja kifaa cha kusikilizia, lakini la kutembea halitaji kifaa chochote. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu atabaki upande wa ulemavu hata siku majengo yote na mabasi yote yatakapomruhusu kuingia bila kubebwa. Maisha yake yatakuwa yamebadilika sana, na namba yako haitaonyesha chochote. Liandike hilo katika maelezo ya mbinu.

Mchambuzi Mpya amejibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimeifuta sentensi ya kuzorota, nimechukua hesabu ya mwenzangu pamoja na upana wake wa makosa, na nimebadilisha lugha kama alivyoomba Fimbo Nyeupe. Limebaki jambo moja: utafiti wetu haukuwafikia wazee wanaoishi katika makazi ya kutunzia wazee. Je, hilo linaharibu matokeo?

Mtu wa Majedwali amejibu:

Inategemea ni wangapi. Katika mfano wangu, kama asilimia 10 ya wenye miaka 85 na zaidi wanaishi huko, na tisa katika kila kumi kati yao wana ulemavu, asilimia ya kundi la mwisho inapanda kutoka 70 hadi 72 na matokeo yanapungua kwa wiki tatu hivi. Wakiwa asilimia 40, yanapungua kwa karibu miezi mitatu. Tafuta idadi yao katika sensa, fanya hesabu mara mbili, na uyaweke majibu yote mawili katika ripoti.