Farida anataka kuwinda: gumzo la familia

Mjomba Salum: Shikamoo Baba. Hamjambo wote? Farida ameniomba nimfundishe kuwinda. Ana miaka 12, anasema anataka kujua nyama anayokula inatoka wapi.

Mama Farida: Sijakataa kaka. Ila hiyo bunduki inalala wapi? Mdogo wake ana miaka 4.

Mjomba Salum: Kwenye kasha la chuma, haina risasi, imefungwa. Risasi ziko mahali pengine, na kufuli lake. Funguo ninazo mimi.

Shangazi Rehema: Huyo mdogo naye afundishwe. Akiona bunduki asiguse, aondoke, amwite mkubwa.

Mama Farida: Atafundishwa wifi, lakini sitegemei hilo. Watafiti wameshajaribu: watoto walioonywa wasiguse, wakiachwa peke yao wengi hugusa tu. Kufuli kwanza.

Babu: Marahaba Salum. Mama Farida kasema kweli. Sasa Farida, soma taratibu. Kila bunduki ihesabu ina risasi, hata kama umeikagua sasa hivi. Mdomo wake usielekee kitu usichotaka kukiua, hata ukiwa umeibeba begani. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga na kuamua. Halafu tazama nyuma ya mnyama. Hapa ndipo watoto wengi huteleza, maana jicho linaishia kwa mnyama. Hata risasi ya .22, ambayo ni aina ndogo, huweza kwenda zaidi ya kilomita 1. Mnyama akisimama juu ya kilima na nyuma yake ni anga tupu, mwache aende zake.

Farida: Shikamoo Babu. Na nikiona majani yanatikisika?

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Huenda ni mtu. Hupigi mpaka umwone mnyama mwenyewe, umjue ni yupi, na uwe na hakika sheria inaruhusu awindwe msimu huo.

Farida: Nikimjeruhi tu asife?

Mjomba Salum: Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, mpwa wangu. Ndiyo maana utaanza na shabaha za karatasi, masikio yamezibwa, mpaka mkono utulie. Tunalenga nyuma ya bega la mbele, kwenye moyo na mapafu. Akikimbia tunafuata damu mpaka tumpate. Hatumwachi porini akiteseka.

Shangazi Rehema: Mkimpata mtoeni matumbo haraka, joto la mwili huharibu nyama. Na shemeji, tumia risasi za shaba. Zile za madini ya risasi hupasuka vipande vidogo visivyoonekana, vinasambaa ndani ya nyama mbali na tundu la risasi, na madini hayo yanadhuru ubongo wa mtoto.

Mjomba Salum: Sawa shemeji, nitachukua za shaba.

Mama Farida: Na akifika huko akasema hawezi kuua?

Babu: Asilazimishwe wala asichekwe. Kufuata nyayo na kuchuna nako ni kuwinda.

Mama Farida: Basi nimeridhika. Kaka, Jumamosi nakuja kuliona hilo kasha kabla hamjaanza.

Mjomba Salum: Karibu dada. Njoo na Farida, nianze kwa kuwaonyesha jinsi ya kukagua kama bunduki imebaki na risasi.