Mtu mzima arusha sarafu YANGU kuchagua rais, na baraza nzima yacheka

Mkwezi wa Majengo · Jumatatu 8 Agosti 2022, saa 4:12 usiku

Ndugu zanguni, nimetoka barazani sasa hivi na mikono bado yanitetemeka. Simtaji jina. Mnamjua. Yule wa kofia ya viua, wa kikombe cha tatu asicholipa, ambaye tangu Februari ukimuuliza "Mzee, wampa nani?" akujibu "Bado natafakari." Mbuzi wangu ameshika mimba, amezaa, na vitoto vyake vishajua ziwa liko upande gani. Yeye bado yuwatafakari!

Leo baada ya isha nikamlipia kahawa. Nikamlipia na kashata. Nikamwambia kwa adabu zangu zote: "Mzee wangu, usiku ndio huu. Kesho saa 12 vituo vya kura vyafunguliwa, uamke na mtu kichwani."

Mwajua alifanya nini? Alinyoosha mkono akachukua chenji YANGU palipo na vikombe, shilingi 20 ile mpya yenye ndovu, akairusha juu. Mbele ya wazee. Mbele ya watoto waliotoka chuoni na misahafu kifuani. "Ndovu, wa kwanza. Ngao, wa pili." Sarafu ikapanda, ikashuka, ikagonga dele la kahawa, ikajitosa mtaroni. Naye akajipangusa mikono, akasema: "Basi. Na Mungu naye hajaamua."

MKACHEKA. Niliwaona, mmoja mmoja.

Mwezi uliopita kisingizio kilikuwa mdahalo wa wagombea urais. "Nangojea mdahalo wa tarehe 26, nitawasikiliza wote." Tarehe 26 ikafika, Ruto akaja, Raila hakuja, akazungumza mmoja peke yake. Mzee akatugeukia: "Sasa nitamlinganisha na nani, na kiti?" Nikanyamaza, hapo alikuwa na hoja kidogo. Kabla yake ilikuja habari ya unga kushushwa hadi shilingi 100 pakiti ya kilo mbili. "Ngoja kwanza niuone huo unga." Hakuuona, nani aliuona? Akatafakari kutouona. Jumamosi kampeni zikafungwa, huyu uwanja wa Nyayo, yule wa Kasarani, akasema kelele zimekuwa nyingi, atafikiri kukinyamaza. Jana kulinyamaza nchi nzima, mpaka kuku wa Majengo walinyamaza. Hakufikiri. Alilala!

Na leo Tume ya Uchaguzi iliposimamisha uchaguzi wa gavana hapa Mombasa na kule Kakamega kwa sababu karatasi za kura zimekuja na picha za wagombea zisizo zake, mngemuona alivyong'aa kama bwana arusi. "Mwaona? Nimeongezewa muda." Muda wa gavana, mzee! Kesho hapa twapewa karatasi tano badala ya sita, na ile nyeupe ya rais imo. Sarafu aliirusha kwa ajili ya ile nyeupe.

Wagombea ni wanne tu. Wanne! Mwaka 2017 walikuwa wanane na watu wakaamua. Mwaka 2013 aliyeshinda alivuka nusu kwa kura kama 8,400 hivi. Hiyo ni mitaa miwili ya Mombasa iliyojaa wazee wa kutafakari. Mimi nilipanga foleni 2007, nikaona na machafuko yaliyofuata, nikazika. Mtu anirushie hilo hewani kwa shilingi 20, tena yangu, tena mbele ya watoto?

Ikagonga dele. Bado naisikia ile *kling*.

---

Binti Kisauni · saa 4:20 usiku
Pole kakangu. Lakini huko mtaroni iliangukia upande gani? Ndovu au ngao?

Dele la Moto · saa 4:23 usiku
Mimi ndiye muuza kahawa, dele lililogongwa ni langu. Sarafu ilikuwa ya 10, yenye simba. Usitie chumvi.

Mkwezi wa Majengo · saa 4:24 usiku
ILIKUWA ISHIRINI. Nilitoa noti ya 100 ukanirudishia mwenyewe! Na wewe ulicheka hadi ukamwaga tangawizi.

Babu Kongowea · saa 4:31 usiku
Mkwezi, sema kweli. Tangu Aprili wavaa fulana moja ya chama, imepauka hadi yafanana na dekio. Ukimwambia mtu "amua" wamaanisha "mpe wangu". Mzee wa watu amekuchoka, ndiyo akarusha sarafu.

Mkwezi wa Majengo · saa 4:38 usiku
Wallahi angeniambia anampa yule nisiyemtaka, ningemshika mkono na kumsindikiza kituoni. Ningembebea na kitambulisho. Mtu aliyeamua vibaya nitabishana naye miaka mitano, twala pamoja, twazikana. Huyu nibishane naye nini? Nibishane na ndovu? Watu milioni 22 na ushei wamo kwenye daftari la wapiga kura, wengine watashika foleni kesho kabla ya alfajiri na watoto mgongoni, yeye yuwasikilizia chuma kikilia mtaroni!

Nipo Doha · saa 4:44 usiku
Mwaka huu ndio mara ya kwanza sisi wa Qatar tumewekewa kituo. Nimeuza zamu yangu ya kesho kwa Mnepali ili niende kupiga kura moja, ya rais tu, maana tulio nje hatupewi nyingine. Nikisoma habari ya hiyo sarafu nasikia kichefuchefu.

Mja wa Jeddah · saa 4:52 usiku
Bora wewe wa Doha. Sisi Saudia hatukuwekewa hata kimoja, na tulivyo wengi huku. Jina langu liko kwenye daftari la Changamwe, mimi niko jikoni kwa watu. Mwambieni huyo mzee anipe kura yake, mimi najua pa kuitia.

Mkwezi wa Majengo · saa 4:53 usiku
Mmeona? MMEONA? Dadangu, nitamsomea maneno yako kesho asubuhi kabla hajanywa chai.

Shinyalu Damu · saa 4:58 usiku
Nyinyi Mombasa mnalia na sarafu, sisi huku Kakamega tumefungiwa gavana kabisa. Tumeimba miezi mitatu, sauti zimekauka, leo tunaambiwa picha si zenyewe. Nani atatulipa hizo sauti?

Binti Kisauni · saa 5:01 usiku
Sisi pia tumefungiwa gavana, ndugu. Soma kwanza.

Shinyalu Damu · saa 5:02 usiku
Nyinyi mna bahari ya kujiliwaza.

Mama Mbili Tudor · saa 5:10 usiku
Mimi nitawaambia ukweli, mkitaka nitukaneni. Mimi pia sijaamua. Nimepiga kura tangu 1992, hiyo ni mara sita, bila kuhesabu marudio ya 2017. Kila mara huja mtu mlangoni na kofia mpya akaniambia "mama, safari hii mfereji utatoa maji." Nimezeeka, mfereji umezeeka, maji bado. Kesho nitakwenda, sikosi, nguo nishapiga pasi. Lakini msinidharau nikisimama mbele ya karatasi nyeupe nikakawia. Mimi huwa nawakumbuka wote sita.

Mkwezi wa Majengo · saa 5:16 usiku
Mama, shikamoo. Wewe sikusemi. Wewe wakawia kwa sababu wafikiri, na ukakawia mpaka saa 11 jioni wanafunga, nitakungojea nje na mwavuli. Yule mwenzio alirusha SARAFU.

Mama Mbili Tudor · saa 5:18 usiku
Marahaba mwanangu. Kwani kwenu Majengo maji yatoka?

Babu Kongowea · saa 5:19 usiku
Yatoke wapi! Wiki ya tatu hii. Wa mkokoteni naye sasa yuwauza mtungi kama auza haluwa, na ukimuuliza bei akutazama viatu kwanza.

Dele la Moto · saa 5:22 usiku
Mwashangaa kahawa yangu kuwa na chumvi. Napikia maji ya kisima. Na nikiwaambia nipandishe kikombe mwanipigia kelele, hali nusu ya baraza nawadai tangu Ramadhani. Mkwezi, na wewe umo.

Mkwezi wa Majengo · saa 5:23 usiku
Huu uzi ni wa sarafu, jamani.

Mja wa Jeddah · saa 5:27 usiku
Mamangu yuko Mikindani, nikipiga simu ni maji, maji, maji. Nusu ya ninachotuma huishia kwenye mitungi.

Binti Kisauni · saa 5:33 usiku
Sisi twaamka saa 8 usiku kusikiliza mfereji. Mtoto wangu ashajua ule mlio wa hewa inapotangulia, hutuamsha yeye.

Mkwezi wa Majengo · saa 5:35 usiku
Nauliza tena, kuna yeyote atakayepita kwake alfajiri tukamtoe pamoja?

Babu Kongowea · saa 5:41 usiku
Tudor! Tudor mwasikia? Jirani yangu asema yameanza kutoka huku.

Mama Mbili Tudor · saa 5:42 usiku
Yanatoka! Membamba, yana kutu, lakini yanatoka! Teremsheni ndoo!

Binti Kisauni · saa 5:42 usiku
Naacha simu.

Dele la Moto · saa 5:43 usiku
Nani ana dumu la ziada?