Tupeane uzoefu: mwaongeaje na walimu kuhusu maendeleo ya mtoto mwenye mahitaji maalumu?

MamaMkomani
Assalaam aleikum jamaa. Muhula wafungwa, ripoti zatoka, na wengi wetu tutapewa karatasi iliyoandikwa "chini ya matarajio" kutoka juu hadi chini. Mwanangu ana usonji, yuko kitengo maalumu hapa Amu (Lamu). Karatasi ile hainiambii kama ameanza kuketi na wenzake wakila, wala kama bado anaziba masikio kengele ikilia. Mimi hayo ndiyo niyatakayo. Nikimuuliza mwalimu "anaendeleaje?" hujibiwa "anaendelea vizuri, mama," na mazungumzo yamekwisha. Siku hizi nauliza jambo moja dogo: "Mwalimu, wiki hii aliomba maji mwenyewe, au mlimpa tu?" Hapo husimama, akafikiri, akanisimulia. Nyinyi mwafanyaje? Wa visiwani, wa Mokowe, Witu, Mpeketoni, karibuni. Majina ya shule na ya walimu tuyaache nje, tafadhali.

BintiLangoni
Wa aleikum salaam. Sisi tuna daftari. Asubuhi laingia mkobani, alasiri larudi. Mwanzo lilikuwa daftari la mashtaka: yeo amemuma mwenziwe, yeo amekojoa, yeo amekataa kuandika. Babake akawa halifungui tena. Nikamwendea mwalimu kwa upole nikamwambia, mashtaka andika, lakini andika na saa, na kilichotangulia. Ikaonekana kuuma kwingi ni wakati wa chakula, wakiwa kwenye foleni. Mwana hastahamili kusukumwa, kitwa chamruka. Sasa yeye hupewa sahani kabla foleni haijapangwa. Kuuma hakujesha, lakini kumepungua sana.

NahodhaFaza
Mimi ni mvuvi. Mikutano ya wazazi huitwa nikiwa baharini, na mke wangu akienda ana mtoto mchanga mgongoni, hurudi na maneno nusu. Nilimwambia mwalimu mkuu wazi: kusi likichafua bahari, Juni na Julai, niko nchi kavu, niiteni siku yoyote. Miezi mingine mwalimu hunitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, nikausikiliza mtandao ukishika. Sauti naipenda kuliko maandishi. Nasikia kama mwalimu amechoka au amefurahi, nami najua nimjibuje.

BibiMatondoni (naandikiwa na mjukuu)
Daftari ni zuri kwa waliosoma. Mimi sikusoma. Nimeomba ruhusa, siku moja moja huchukua ukili wangu nikaketi chini ya mti karibu na darasa, nasuka na huku naangalia. Mwalimu akitoka huniuliza mimi: "Bibi, umeonaje?"

UmmuSalma
Wangu ana kifafa, na mazungumzo yetu na shule yalianza vibaya. Niliitwa nikaambiwa mtoto ni mvivu, analala darasani, akiitwa hukodoa macho ukutani haitikii. Msaidizi mmoja akaongeza kwamba ni mambo ya shetani, atafutiwe wa kumsomea. Kisomo chetu twasoma nyumbani, sikatai, lakini kule kukodoa macho ni kifafa pia. Si lazima mtoto aanguke akatoka povu. Hukatika kwa sekunde chache kisha akarudi, na mwalimu aliyekuwa akieleza hesabu humwona hasikilizi.

Sikugombana. Nilimpa mwalimu wake karatasi yenye safu tatu: saa ngapi, ilichukua muda gani, alikuwaje baadaye. Akaijaza. Nikaipeleka kliniki, na daktari kwa mara ya kwanza akawa na kitu cha kusoma badala ya kunisikiliza mimi nikikisia yanayotokea mtoto akiwa shule. Dawa ikabadilishwa kipimo. Usingizi wa darasani nao ulikuwa wa dawa, ikabidi nimweleze mwalimu hilo pia, kwamba wiki za mwanzo za kipimo kipya atasinzia na asichapwe kwa hilo.

Kisha nikaomba nafasi kidogo kwenye kikao chao cha walimu. Nikasema akianguka mlazeni ubavu, legezeni kola, msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko wala chochote mdomoni, na mtazame saa. Dakika 5 zikipita bila kukoma, ni hospitali. Kwetu kisiwani hospitali maana yake ni boti, kwa hiyo nambari ya mwenye boti imebandikwa ofisini. Na ile karatasi ya safu tatu huenda shule kila muhula, sasa walimu wenyewe huniuliza iko wapi.

MwalimuWaKitengo
Niruhusuni niseme upande wetu. Darasani mwangu yupo mwenye usonji, yupo mwenye mtindio wa ubongo, yupo asiyeona vizuri, na umri wao haulingani. Mzazi akinikuta asubuhi nawapokea, jibu langu litakuwa "anaendelea vizuri" kwa sababu mkono mmoja nimeshika mtoto wa mtu mwingine. Njooni baada ya masomo.

MamaMkomani, uliza hivi: mwanangu anafuata gredi au anafuata hatua? Mtaala wa umilisi una njia ya hatua kwa wanafunzi wasioweza kufuata gredi, kuanzia kujihudumia na mawasiliano hadi kazi za mikono. Kama yuko huko, apimwe kwa malengo yake mwenyewe, yale yaliyomo kwenye mpango wake binafsi wa elimu. Mpango huo mzazi ana haki ya kuketi tukauandika pamoja. Na ripoti ya kituo cha tathmini, wengi mwaita EARC, leteni nakala. Wengine wameifungia kabatini na vyeti vya kuzaliwa.

BintiLangoni
Shukran mwalimu. Lakini kusema kweli, wengine wenu mkiombwa huo mpango mwaona mzazi amekuja kupeleleza.

MwalimuWaKitengo
Wapo, siwezi kukataa. Anza kwa kumwambia mwalimu ufanyalo nyumbani: "mimi namfundisha kufunga vifungo, wewe wafanyaje?" Ni vigumu kumkasirikia mtu kama huyo.

BabaMokowe
Wangu ni kiziwi, yuko bweni Kibarani, Kilifi. Akirudi likizo amejaa ishara tusizozijua, twabaki kutazamana. Siku hizi kabla ya kufunga, mwalimu hurekodi video fupi za ishara mpya za muhula huo, twajifunza nyumba nzima. Maendeleo yake nayaona hapo kuliko kwenye ripoti. Dadake mdogo amekuwa mkali kuliko sisi sote, hunisahihisha vidole.

MamaMkomani
Mashallah. Nina jingine: mwalimu akihamishwa mwafanyaje? Wetu ameondoka muhula uliopita, na aliyekuja kutoka bara hajui chochote.

UmmuSalma
Ukurasa mmoja tu, usizidi. Anachopenda, kinachomtisha, hutulizwaje, huombaje choo, dawa gani na saa ngapi, nani aje kumchukua. Mwombe mwalimu anayeondoka aongeze mistari yake chini, maana yeye ayajua ya darasani. Kama keshaondoka, mpigie simu. Mimi nilimpigia wangu yuko kwao likizoni, akanisomea, nikaandika.

MamaMkomani
Nambari yake ninayo. Nampigia yeo baada ya isha.