UZI: Acheni kuwaambia vijana "ukishavaa umevaa". Tuzo ya ushujaa ya kikosi si mali yako

Wakuu,

Nimesoma mpaka nimechoka. Kila kijana wetu aliyejiunga na jeshi la Marekani akiuliza zile riboni (vitambaa vidogo vya tuzo za kikosi) zenye fremu ya dhahabu upande wa kulia wa kifua zinavaliwaje, wanajitokeza wajuaji kumjibu: "Ukishavaa umevaa, ni yako mpaka ustaafu." Si kweli. Na mnaomjibu hivyo hamuoni anapofika mbele ya sajenti wa ukaguzi akiwa amebeba kifuani sifa ya watu waliokufa kabla baba yake hajazaliwa.

Tuanze na tuzo yenyewe. Presidential Unit Citation (PUC) ya jeshi la nchi kavu ilianzishwa Februari 1942, ikahesabiwa kuanzia 7 Desemba 1941. Hadi 1966 iliitwa Distinguished Unit Citation, kwa hiyo ukikutana na jina hilo kwenye karatasi za zamani, ni kitu kilekile. Hapewi mtu, hupewa kikosi kilichopigana kwa kiwango ambacho mtu mmoja angekifikia angestahili Distinguished Service Cross, nishani ya ushujaa ya pili kwa ukubwa. Valorous Unit Award (VUA) iko ngazi ya Silver Star, nishani ya ushujaa ya tatu, kwa matendo ya kuanzia 3 Agosti 1963. Ile nyekundu tupu, Meritorious Unit Commendation, ni ya utumishi bora. Si ya ushujaa! Acheni kuandika chini ya picha za watu "shujaa wa vita" kwa sababu ya ile nyekundu.

Sasa haki ya kuvaa. Kuna kuvaa kwa kudumu na kuvaa kwa muda. Wa kudumu ni yule aliyekuwa kwenye kikosi, kwa amri halali, na akawapo kazini wakati wa tendo lililotajwa. Huyo anaondoka nayo popote aendako. Wengine wote wanaokuja baadaye huvaa kwa muda, yaani wakiwa bado wamo kikosini. Chukulia Bastogne, mji wa Ubelgiji: Divisheni ya 101 ya askari wa miavuli ilipewa PUC kwa mapigano ya 18 hadi 27 Desemba 1944, divisheni ya kwanza kupewa ikiwa nzima. Askari aliyepangwa leo kwenye kikosi kilichorithi heshima ile anaivaa kihalali kabisa. Akihamishiwa kituo kingine, inatoka siku hiyohiyo. Hakuna "nilikaa miaka minne kwa hiyo imekuwa yangu".

Hata neno "kikosi kilichorithi" mnalichezea. Heshima hufuata nasaba ya kikosi, haifuati jina la kambi wala beji ya begani. Kombania mbili za batalioni moja zinaweza kutofautiana, moja ikawa na PUC ambayo jirani yake haina. Usikisie. Muombe karani wa kikosi cheti cha nasaba na heshima kinachotolewa na Center of Military History, au tazama riboni ndefu zilizofungwa kwenye bendera, ambazo zimetariziwa jina la mapigano. Na kama unayo PUC ya kudumu kutoka kikosi cha awali, kisha ukaingia kikosi chenye PUC yake, chagua moja. Hujumlishi.

Kuhusu kubandika, hapa wauza riboni zilizopangwa tayari mtandaoni wanatia hasara watu. Fremu ya jeshi la nchi kavu ina upana wa inchi 1 na 7/16 na kimo cha inchi 9/16. Ile ya jeshi la anga ni fupi zaidi. Wanakuuzia yoyote iliyopo ghalani, unaiweka karibu na VUA, mstari unakuwa na ngazi. Pima kabla hujalipa. Pili, majani yaliyochongwa kwenye fremu lazima yaelekee juu. PUC ni buluu tupu, ukiigeuza kichwa chini riboni haikuambii kitu, fremu ndiyo inayokuumbua. VUA nayo ina rangi za Silver Star katikati na nyekundu pembeni.

Kwenye sare ya buluu, mwanamume anaiweka katikati, ukingo wa chini ukiwa inchi 1/8 juu ya kifuniko cha mfuko wa kulia. Mwanamke anaiweka inchi 1/2 juu ya bamba la jina. Zisizidi tatu kwa mstari, na zishikane bila nafasi. Yenye hadhi ya juu inaanzia upande wa kulia wa mvaaji, na wengi hukosea kwa sababu wanapanga wakiitazama sare mezani. Kumbukeni pia kwamba Joint Meritorious Unit Award, tuzo ya vikosi vya pamoja, inatangulia VUA, ingawa si ya ushujaa. Ndivyo mpangilio ulivyo.

Tuzo ileile ikija mara ya pili haiongezi riboni, inaongeza kishada kidogo cha shaba cha majani ya mwaloni, vikonyo vikielekea kulia kwa mvaaji. Kishada kimoja cha fedha husimama badala ya vitano vya shaba.

Na msichukue kanuni hizi mkawapa wa majini. PUC yao ina mistari ya mlalo, buluu, dhahabu na nyekundu, haina fremu, na hukaa kushoto pamoja na riboni nyingine. Rejimenti za 5 na 6 za Marine (askari wa nchi kavu wa jeshi la majini) zina kitu cha ziada, fourragère ya Ufaransa, kamba ya kijani na nyekundu inayovaliwa bega la kushoto kwa sifa za mwaka 1918. Ufaransa hukipa kikosi kamba hiyo kikitajwa kwa sifa mara 2 katika amri za ngazi ya jeshi, kikifika 4 inakuwa njano na kijani, kikifika 6 nyekundu. Marine akitoka kwenye rejimenti hizo, kamba anaiacha. Mbona hiyo mnaielewa?

Mnaostaafu, tazameni kisanduku cha 13 cha DD 214, hati ya kumaliza utumishi. Inayostahili kuwamo ni tuzo ya kudumu tu. Kama ulikuwapo kwenye tendo na haimo, tafuta namba ya General Orders, amri rasmi iliyotangaza tuzo (za hadi vita vya Korea zimo kwenye kitabu cha jeshi DA Pam 672-1, za Vietnam 672-3), ambatisha uthibitisho wa tarehe zako kikosini, uombe marekebisho yanayotoka kwa DD 215, hati ya kurekebisha DD 214. Wazee wa Vietnam wanakosa haki zao kwa kukosa mtu wa kuwaonyesha vitabu hivi viwili, huku ninyi mkiwagawia vijana wa juzi wasichostahili.

Anayebisha alete namba ya amri. "Afande mmoja aliniambia" sijibu.