Sanamu ya Tuzo ya Lincoln: itunzwe vipi maktabani?

Mkutubi: Wakuu, Tuzo ya Lincoln, ya vitabu kuhusu Abraham Lincoln na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, huambatana na dola 50,000 na sanamu ya kichwa na mabega. Maktabani iwekwe kwenye kabati gani? Isafishwe na nini?

Mhifadhi: Ni nakala ya kazi ya Augustus Saint-Gaudens, aliyechonga sanamu ya Lincoln aliyesimama kule Chicago (1887). Ni bronzi, yaani shaba na bati. Tafadhali msitumie kabati la mwaloni! Mbao zake hutoa mvuke wa asidi unaokula shaba. Chuma na kioo ni salama. Vumbi liondolewe kwa brashi laini. Dawa ya kung'arisha shaba ni marufuku, inakwangua rangi ya juu ambayo fundi aliikusudia. Shikeni kwa glavu. Jasho lina chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu huzaa madoa ya kijani yenye ungaunga.

Mkutubi: Na kibao cha maelezo kando ya sanamu, kiandikwe nini?

Msomahistoria: Andikeni mwaka wa tuzo na wa kitabu, watu huchanganya. Kitabu cha mwanahistoria James McPherson cha 1997 kilishinda 1998.