Ziara ya wanafunzi Nairobi: historia ya haki za raia na kazi ya kujitolea, tuipange vipi?

MleziWaKlabu

Wadau, hamjambo. Klabu yetu ya historia ina wanafunzi 42 wa Kidato cha Tatu na walimu watatu. Wamesoma habari za Martin Luther King na wenzake, sasa wanauliza: hapa Nairobi haki zilidaiwa wapi, na akina nani walizidai? Tumetenga Ijumaa na Jumamosi. Siku ya kwanza ni ya kutembelea mahali penyewe, ya pili ni ya kujitolea Eastlands, mitaa ya mashariki ya mji. Basi la shule lipo.

Rasimu yangu ina vituo tisa: Jumba la Nyaraka za Kitaifa, sanamu ya Tom Mboya, sanamu ya Kimathi, Harry Thuku Road, Nyayo House, Freedom Corner, Kamukunji, Kaloleni na Uhuru Gardens. Je, ni vingi mno? Tunahitaji kibali cha polisi? Na vijana wafanye kazi gani itakayowafaa wenyeji kweli, si ya kupigiwa picha tu?

Mkaazi_Makadara

Mwalimu, vituo tisa havienei katika siku moja. Watu 45 wakivuka Moi Avenue kwenye taa, kundi linakatika katikati, na kila mara mnasimama kuhesabiana. Gawanya vikundi vitatu vya wanafunzi 14, kila kimoja na mwalimu wake mbele na mtu mzima mwingine nyuma. Hao watatu wa nyuma watafute kwa wazazi. Uhuru Gardens iko Lang'ata Road, upande mwingine kabisa wa mji. Iachieni safari yake.

Anzeni kwa Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, mbele ya Jumba la Nyaraka, kwa sababu hapo ndipo masomo yao ya Marekani yanapokutana na Nairobi. Aprili 1959 Mboya alikuwa Washington kwenye maandamano ya vijana waliodai shule zisizobagua rangi. Mwezi uliofuata King alimwandalia karamu Atlanta. Septemba mwaka huohuo ndege ya kwanza ya wanafunzi wa kwenda kusoma Marekani ikaondoka na vijana 81, na miongoni mwa waliochangisha nauli walikuwa Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Thurgood Marshall naye aliwashauri wajumbe wa Kiafrika kwenye mkutano wa katiba ya Kenya wa Lancaster House, London, mwaka 1960 na kuandika rasimu ya sura ya haki za binadamu. Mboya aliuawa kwa risasi tarehe 5 Julai 1969 kwenye barabara hiyohiyo ya Moi Avenue, wakati huo ikiitwa Government Road. Dakika 25 hapo si nyingi.

Kwa Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, msikae. Dakika kumi: alinyongwa Kamiti 18 Februari 1957, sanamu ikazinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili. Waulize kwa nini jiji lilichukua nusu karne, kisha songeni.

Kituo ambacho ningekipa muda kuliko vyote ni Harry Thuku Road. Thuku alikamatwa 14 Machi 1922 kwa kupinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Wazee walipotoka kuzungumza na serikali na kurudi wakiwaambia watu waende nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume mbele ya kadamnasi na kuuongoza umati kusonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli ya Norfolk wakafyatua pia. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21. Waliokuwapo walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikufa palepale. Barabara ina jina la Thuku, yeye hana. Wape vijana robo saa waandike maneno ya kibao ambacho wangekiweka hapo, yasizidi 40. Zoezi hilo linawafanya wachague, na kuchagua ndiyo kazi ya mwanahistoria.

Kutoka hapo mteremke hadi Nyayo House na mmalizie Freedom Corner, pembe ya bustani ya Uhuru Park. Njia nzima ni kama kilomita tatu. Anzeni saa mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijachoma, na kila mmoja abebe maji yasiyopungua lita moja.

Sheria_na_Mtaa

Kuhusu kibali: Katiba ya 2010, Ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Mnachotakiwa kupeleka ni taarifa, wala si kuomba ruhusa. Sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, inamtaka mwandalizi wa mkutano wa hadhara au maandamano ampe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, taarifa ya maandishi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya tukio. Darasa linalotembea kandokando ya barabara na kusikiliza mwalimu si maandamano. Mambo hubadilika mkibeba mabango, mkiimba, au mkitumia kipaza sauti. Kwa hiyo kipaza sauti kibaki shuleni. Mwalimu wa kila kikundi aseme na watu wake 14.

Hata hivyo, bebeni barua ya shule yenye muhuri, jina la kiongozi na orodha ya vituo. Nakala moja kwa kila kikundi, maana vikundi vitaachana tu.

Nyayo House inahitaji tahadhari. Vyumba vya mateso viko chini ya jengo ambalo juu yake ni ofisi za serikali, ikiwemo ya uhamiaji. Havikai wazi kama makumbusho. Andikeni barua mapema, na msiwaahidi wanafunzi kwamba wataingia. Bila jibu la maandishi, simameni ng'ambo ya barabara na mweleze kilichotendeka: miaka ya 1980, hasa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali, kuanzia 1986, watu walifungiwa gizani, sakafu ikimwagwa maji, hadi wakubali mashtaka. Msipige picha jengo wala walinzi.

Kutoka pale, Freedom Corner inajieleza. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kufunga kula wakiwa na Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo, laana ambayo kila askari wa Kiafrika aliielewa. Wakahamia kanisa la All Saints na kuendelea humo kwa karibu mwaka mzima. Pangeni mwalimu wa kike aeleze sehemu ya kuvua nguo. Darasa likicheka hapo, maana yote imepotea.

Karani_wa_Vitabu

Nijibu la kujitolea. Kwanza nendeni mkaulize. Makosa ya kawaida ni shule kufika na rangi, brashi na miche ambayo hakuna aliyeiomba. Mche uliopandwa Agosti bila mtu wa kuumwagilia umekufa kufikia Septemba.

Angalieni maktaba za Kaloleni na Makadara. Ni matawi ya McMillan, maktaba ya Banda Street iliyofunguliwa 1931 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Sasa ni mali ya kaunti, na shirika la Book Bunk limekuwa likishirikiana nayo kuzifufua. Andikieni kaunti, kisha mwende mwone mkutubi ana kwa ana wiki tatu kabla, mkamuulize anahitaji nini.

Mkipewa kazi ya kusafisha vitabu, zingatieni haya. Brashi laini ya rangi, inchi mbili, moja kwa kila wanafunzi wawili. Kitabu kishikwe kikiwa kimefungwa kwa nguvu, kisha vumbi lipanguswe kutoka upande wa mgongo kwenda nje. Ukifanya kinyume, vumbi linaingia kwenye mshono na kukaa humo. Anzeni na ukingo wa juu, ndio unaobeba vumbi jingi. Kitambaa chenye maji hakiruhusiwi kamwe, kwa kuwa jalada linavimba na baada ya wiki kuna kuvu. Kitabu chenye unga mweupe au harufu ya uvundo kisipigwe brashi: kitieni kwenye mfuko wa karatasi, mkiweke kando, mwambieni mkutubi. Barakoa kwa wote, na mwenye pumu apewe kazi nyingine bila kuaibishwa.

Na tafadhali, msibandike selotepu. Inageuka rangi ya chai, gundi inazama kwenye karatasi, na ukurasa unapasuka tena pembeni mwake. Kiraka kizuri ni karatasi nyembamba na gundi ya wanga, lakini lazima kilale chini ya uzito usiku kucha, na nyinyi mna Jumamosi moja tu. Wekeni kipande cha karatasi kwenye kila ukurasa uliochanika na mwandike orodha. Orodha hiyo itamsaidia mkutubi kuliko viraka vilivyobandikwa haraka.

Wanafunzi 42 hawaenei chumbani. Kumi na wanne wasafishe, kumi na wanne wawasomee watoto, waliobaki wafanye kitu nje.

MleziWaKlabu

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimefuta vituo vitatu. Hao 14 wa mwisho, je, wanaweza kuwahoji wazee wa Kaloleni kuhusu miaka ya hamsini?

Mkaazi_Makadara

Wanaweza, ila fanyeni hesabu. Aliyekuwa na miaka 10 wakati wa Operesheni Anvil, msako mkubwa wa Waingereza dhidi ya Mau Mau hapa Nairobi, Aprili 1954, alizaliwa 1944. Mtapata waliokuwa watoto, basi waulizeni ya utotoni: baba alichukuliwa saa ngapi, nani alipika jioni ile, shule ilifungwa? Wasiulizwe majina ya wale waliofunikwa magunia kichwani na kuwaonyesha wenzao kwa askari. Familia hizo bado ni majirani.

Wanafunzi wawili kwa kila mzee, wasizidi. Mmoja aulize, mwingine alinde simu mbili zinazorekodi, zote bila mtandao ili simu isiingie katikati. Rekodini sekunde kumi, msikilize, ndipo muanze. Mkae mbali na barabara na redio. Dakika 40 zinatosha. Kabla ya chochote, mzee aelezwe rekodi itakwenda wapi, akubali, na apewe nakala yake baadaye. Wanafunzi walio chini ya miaka 18 wawe na saini ya mzazi kwa ajili ya picha na sauti zao. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inadai hivyo.

Mkimaliza, waingizeni Kaloleni Social Hall. Hapo ndipo Makhan Singh alidai uhuru kamili waziwazi, 23 Aprili 1950. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi 1961.

Sheria_na_Mtaa

Nyongeza moja ya tarehe. Epukeni wiki ya 25 Juni, kumbukumbu ya maandamano ya 2024, na ya 7 Julai, yaani Saba Saba. Saba Saba inaanzia mkutano wa Kamukunji wa 1990, na siku hizo barabara za kuingia katikati ya mji huweza kufungwa tangu alfajiri, basi lenu likabaki Muthurwa. Februari au Machi ni afadhali, na mkipata Ijumaa iliyo karibu na tarehe 16 Machi, ichukueni.